Mama Mkwe Anaogelea Machimboni na Mwanawe Hajui

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaeleza naomba radhi kwa urefu wa barua hii, maana jambo lenyewe nimelikalia mwezi mzima na sina wa kumwambia, dada zangu hawawezi kukaa na neno, na shoga yangu wa karibu ni mke wa rafiki wa mume wangu, nikimwambia yeye ni sawa na kulitangaza kwa kipaza sauti.

Kazi yangu ni kushona mapazia. Chumba cha kazi kiko mbele ya nyumba yetu, kina cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na kiti cha mama mkwe wangu dirishani, ambako hukaa akipachika ndoano kwenye mapazia yaliyokwisha huku akinisimulia habari za wenzake wa zamani. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate tangu akiwa msichana mpaka alipostaafu, upande wa tanuri, na baba mkwe alipofariki akahamia kwetu. Usidhani naandika kumsema. Najua wengi wanaokuandikia kuhusu mama wakwe zao huanza kwa upole halafu wakamwaga sumu, lakini huyu ananipenda na mimi nampenda, nilipojifungua kwa upasuaji ndiye aliyeniogesha na kunivika, mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa, na mpaka leo nikiunguza chakula hula bila kusema kitu na kuomba nyongeza.

Mambo yalianzia kwenye magoti. Daktari alimwambia magoti yake yamechoka kusimama, atafute mazoezi ya majini, basi akajiunga na kundi la akina mama kwenye bwawa la kuogelea lililo nyuma ya uwanja wa michezo, na sote tulicheka, hata yeye, kwa sababu alikuwa hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni. Lakini alijifunza haraka kuliko wasichana. Akawa anarudi na kutuonyesha sebuleni jinsi ya kupiga mikono, amelala kifudifudi kwenye kochi, mjukuu wake amemkalia miguuni. Kisha bwawa likafungwa kwa matengenezo, vigae vilikuwa vinabanduka, na mpaka leo halijafunguliwa. Sisi tukadhani habari ya kuogelea imeishia hapo.

Haikuishia. Akaanza kutoka kila Jumamosi asubuhi na mkoba mkubwa, amejipaka manukato, na kurudi mchana nywele zimelowa chini ya kitambaa, anaimba puani, anakula sahani mbili. Wifi yangu alipokuja kututembelea akaliona hilo, na mama alipokwenda kulala akasema, "Mama ana mtu." Mume wangu akauliza, "Mtu gani?" Wifi akamwambia, "Mtu! Kwani wewe mtoto mdogo?" Mume wangu akaweka kijiko chini na hakula tena.

Mshauri, mimi ni mdadisi, sikatai, hata nikienda kutundika mapazia kwa watu siwezi kutoka bila kujua ndani ya kabati kuna nini. Jumamosi iliyofuata nikamfuata. Akapita barabara ya viwandani, akaacha lami, akaingia njia ya vumbi inayokwenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe, yale yaliyoachwa maji ya chini yalipoanza kupanda, na mimi nikajibanza nyuma ya mashine mbovu ya kusagia kokoto, namngoja huyo mtu atokee.

Akatokea yeye mwenyewe, amevaa vazi la kuogelea la rangi ya udongo, akaingia majini polepole kwa ule mteremko uliokuwa wa malori, na bila kugeuka akasema, "Toka huko nyuma ya mashine, mkaza mwanangu. Nimekujua tangu kwenye kona, viatu vyako vinalia."

Nikatoka. Nikamwuliza, "Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Mtu gani?"

"Wifi anasema una mtu."

Alicheka mpaka akanywa maji.

Nataka nikueleze pale palivyo, kwa sababu sijapata kuona mahali pazuri namna ile, na ndiyo sehemu ya tatizo langu. Ni shimo pana kama uwanja wa mpira, kuta zake ni za mawe yaliyokatwa wima, maji yake ni ya kijani na maangavu kiasi kwamba ukiwa kwenye mteremko unaziona kokoto chini, halafu hatua chache mbele huoni tena kitu, ni kijani tupu. Jumamosi na Jumapili watu huja, vijana hujirusha kutoka juu ya mawe, wengine huosha pikipiki, na kuna bango kuukuu la kukataza kuogelea ambalo watu hulitumia kutundikia suruali zao. Nilikaa kwenye jiwe nikamtazama. Yule mama ambaye nyumbani hushuka ngazi mbili kwa kuguna, mle majini alikuwa mwepesi kama kitambaa cha hariri. Alipotoka nikamwuliza, "Mama, unapata nini humo?" Akasema, "Maisha yangu yote nilisimama mbele ya moto, mwanangu. Nilikuwa nikirudi nyumbani hata mto wa kulalia nauona una joto. Humu ndimo nimepoa." Tangu siku ile nikawa namsindikiza, nabeba taulo, nyumbani tunasema tunapeleka mapazia kwa wateja.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jumamosi moja jua lilikuwa kali, na mama akasema leo atavuka mpaka ukuta wa pili, ashike ukuta apumzike, kisha arudi. Akavuka vizuri kabisa. Nikamwona anaupapasa ule ukuta, kama anayetafuta swichi gizani, kisha akageuka kurudi. Alipofika katikati akasimama. Nasema akasimama kwa sababu ndivyo nilivyoona, mwili umenyooka, kichwa kimelala nyuma, uso unatazama juu, mdomo wazi kidogo, mikono imetanda pembeni inayabonyeza maji kama mtu anayelainisha kitambaa mezani. Kimya. Pale machimboni sauti inafika, hata mtu akikohoa upande wa pili unasikia, lakini hakusema kitu. Nikajua anapumzika, anaota jua. Nikampungia mkono. Nikampungia tena.

Jirani yangu kwenye mteremko alikuwa dereva wa lori la mchanga, anateka maji ya rejeta kwa dumu la plastiki lililofungwa kamba. Akaacha kuteka. Akaniuliza, "Yule mama ni wako?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Anazama."

"Hapana," nikamjibu, Mungu anisamehe, "anapumzika."

Hakubishana na mimi. Alimwaga maji, akafunga kizibo cha dumu, akakimbia ukingoni kwenye sehemu iliyotokeza, na mimi ndipo nikaelewa, nikavua viatu niingie. Akanipigia kelele, "Wewe unajua kuogelea?" Nikasema sijui. "Basi kaa hapo hapo! Nisije nikatafuta wawili!" Akarusha dumu, likaanguka mbali, akalivuta, akarusha tena, safari hii likamgusa mama begani. Mama hakulishika mara moja. Ilikuwa kama halioni. Kisha mkono mmoja ukalipanda, halafu wa pili, na yule dereva akawa anamvuta taratibu huku anamwambia, "Usilipande, mama, likumbatie tu, kumbatia, ndiyo hivyo."

Alitapika maji pale kwenye mteremko, akatetemeka kwa jua lile lile, na vidole vyake havikuweza kufunga vifungo vya blauzi, nikamfungia mimi. Tulipofika barabara ya lami ndipo akasema neno la kwanza. "Nilikuwa napumzika. Yule dereva ana haraka zake." Kisha akanishika mkono, "Haya yabaki kati yangu na wewe."

Na yamebaki. Na Jumamosi mbili baadaye akarudi machimboni, mimi nyuma yake na taulo. Anaogelea karibu na mteremko tu, lakini anautazama ule ukuta.

Ningeweza kuvumilia hata hivyo, mshauri, ila wiki hii nimemkuta amekata kitambaa kilichobaki kwenye kazi yangu, anashona vazi dogo la kuogelea. Ni la binti yetu, tunamwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza. Shule zinafungwa karibuni. Nikamsikia anamwambia, "Bibi atakupeleka mahali pazuri, lakini usimwambie baba," na mtoto mwenyewe amevimba kwa furaha, anatembea ameziba mdomo kwa mikono miwili ili siri isimtoke.

Mume wangu ni fundi wa lifti, mtu wa tahadhari, hata akibadilisha balbu huitikisa ngazi kwanza kama anayeigombeza. Mama aliwahi kuteleza bafuni, hakuumia, lakini kwa muda mume wangu alimkataza hata kwenda sokoni peke yake, na niliona jinsi mama alivyonyauka kwenye kiti kile cha dirishani, alikuwa hasimulii kitu. Nikimwambia haya, atamfungia ndani. Nisipomwambia, nitakuwa nimemtoa mtoto wangu kafara kwa mikono yangu. Na jambo moja zaidi nalisema kwako tu. Mimi mwenyewe nimeanza kutamani. Juzi nilitumbukiza miguu mpaka kwenye magoti nikajiuliza, nikiendelea kidogo itakuwaje?

Basi naomba unijibu. Je, kweli alikuwa anazama? Kama alikuwa anazama, mbona hakuniita, na mimi nilikuwa pale pale namtazama? Na nimwambie mume wangu, au nifanye nini?

Ni mimi,
Mshika Taulo

*

Mwanangu Mshika Taulo,

Barua hukaa foleni kwenye meza yangu kama watu wanaosubiri daktari, lakini yako ina mtoto ndani yake, kwa hiyo haikukaa. Nilikupigia simu, kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, siku niliyoisoma, wewe unajua, nami nawaambia wasomaji ili wasishangae jibu langu likiwa na mambo ambayo hukuyaandika. Ruhusa umenipa, na mama mkwe wako pia amenipa.

Nianze na swali lako, kwa sababu ni swali zuri na watu wengi hawaliulizi mpaka wanapokuwa msibani. Ndiyo, alikuwa anazama. Nilimsomea mwalimu mmoja wa kuogelea pale ulipoeleza mikono inavyolainisha kitambaa, akanikatiza. "Hapo hapo," akasema. "Ndivyo wanavyozama." Sisi tumezoea kudhani mtu anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Anayepiga kelele bado ana pumzi ya kupigia kelele. Naye msaidie, lakini aliyenyamaza ana muda mfupi zaidi. Mdomo wake unazama na kuibuka, na unapoibuka unapata nafasi ya kuvuta hewa tu, hakuna nafasi ya neno. Mikono inayabonyeza maji yenyewe, bila kumwuliza mwenye mikono, ndiyo maana hawezi kuipunga wala hawezi kushika kitu hata kikiwa mbele yake, mpaka kimguse. Kutoka ukingoni anaonekana ametulia. Watu wamezama hatua tatu kutoka kwa ndugu zao waliokuwa wanamenya machungwa. Ukimwona mtu majini amesimama wima, kichwa nyuma, mdomo usawa wa maji, mwulize kwa sauti, "Uko salama?" Akikujibu, vizuri. Asipokujibu, hana haja ya kukujibu, umeshajibiwa.

Na mbona aliyejifunza vizuri bwawani akashindwa? Kwa sababu bwawani ukichoka unashika ukingo au unasimama. Mama mkwe wako alikuwa ameuhesabu ule ukuta kuwa ndio mapumziko yake, alipoufikia akaukuta umekatwa wima, una utelezi, hauna pa kushika. Kwa hiyo safari mbili zikawa moja. Maji ya juu yalikuwa ya vuguvugu, lakini miguu ilipoanza kushuka kwa uchovu ikakuta maji ya baridi kali, pumzi ikakatika. Hayo yote hayaonekani ukiwa umekaa kwenye jiwe. Maji maangavu yanayopendeza hayakuambii kitu kuhusu yaliyo chini yake, na kwenye machimbo chini kuna vyuma, kuna magogo, kuna mawe yaliyochongoka. Wale vijana wanaojirusha kutoka juu wanajirusha juu ya vitu wasivyovijua.

Sasa nikugombeze. Mtu mzima amekunywa maji mpaka akayatapika, anatetemeka juani, vidole havifungi kifungo, na wewe ukamfunga blauzi mkarudi kupachika ndoano? Aliyezama akaokolewa hupelekwa hospitali siku ile ile, hata akisema yuko mzima, kwa sababu maji yaliyoingia kifuani huweza kuleta shida baadaye, ameshalala. Mlipona kwa bahati. Msiitegemee mara ya pili. Na mpeleke hata sasa, moyo wake upimwe, tujue kama ulikuwa uchovu peke yake.

Kisha ukarudi naye. Na taulo! Mwanangu, wewe hujui kuogelea. Ulikuwa unamlinda kwa nini? Kwa macho? Macho yako yalimtazama anazama yakakuambia anapumzika. Sisemi hivyo kukuumiza, hata mimi ningedanganyika. Nasema ili ujue kwamba kukaa kwako pale kulimpa mama yako moyo wa kwenda mbali zaidi, akidhani kuna mtu, na kumbe hakukuwa na mtu.

Nilipomaliza kukugombeza kwenye simu uliniambia mama yuko hapo dirishani. Nikaomba umpe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa gazetini? Unaandika vizuri, lakini unapenda kugombeza."

"Ndiyo kazi, mama. Nataka kukuuliza. Siku ile ulikuwa unapumzika?"

Nikamsikia anakuambia utoke nje kidogo azungumze na mwenzake. Ulisikia mlango, lakini hukusikia yaliyofuata, na mama ameniomba nikuandikie kwa sababu amejaribu kukuambia usoni ameshindwa. Haya ndiyo maneno yake.

"Nilimwona. Amekaa kwenye jiwe na gauni lake la njano, ananipungia mkono. Nikataka kumwita. Nikafungua mdomo, maji yakaingia. Nikataka kuinua mkono, mkono ukakataa. Nikajisemea, huyu mtoto atanitazama hivi hivi mpaka niishe, anacheka, na hatajua. Na siku akijua, atafanyaje? Nilipotolewa ndilo nililoliwaza kabla hata sijajua kama niko hai. Ndiyo maana nilimwambia nilikuwa napumzika. Utamwambiaje mtoto wa watu kwamba ulikuwa unakufa naye anakupungia?"

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Mama, ameshahisi. Ameniandikia kurasa nzima. Kinachomsumbua ni huo wasiwasi, si ukweli."

Kisha nikamwuliza, "Na mbona ulirudi?"

"Nilirudi kuyaonyesha maji kwamba siyaogopi."

"Na yalikujibu nini?"

Akacheka kidogo. "Hayakujibu kitu."

"Na mjukuu?"

Hapo hakucheka. Akasema, "Lile vazi nitalifumua."

Jioni ile alimwambia mwanawe mwenyewe, mezani, wewe ukiwapo. Uliponipigia baadaye uliniambia mume wako hakufoka. Hilo lilikushangaza, na mimi naomba likufundishe. Ulimhukumu mume wako kabla hajafikishwa mbele yako. Aliwahi kumfungia mama yake ndani kwa sababu ya utelezi wa bafuni, ni kweli, lakini pale aliambiwa ameteleza tu. Safari hii aliambiwa kila kitu, na mtu anayeambiwa kila kitu hufikiri tofauti na anayeokota vipande. Aliuliza swali moja, "Kina chake ni kiasi gani?" Mkatazamana. Mama aliyekuwa anaogelea pale, wewe uliyekuwa unamtazama, hakuna aliyejua.

Akaenda kesho yake na uzito wa chuma na waya wa kazini, nanyi mkaenda naye. Alisimama pale palipotokeza, akateremsha. Waya ukaisha mkononi mwake na uzito ulikuwa bado haujagusa kitu. Ulisema alikaa kitako kwenye mawe, fundi anayeshinda siku nzima juu ya mashimo ya lifti, akashika kichwa. Kisha akamwambia mama yake, "Mama, maji sikukatazi. Hili shimo ndilo nalikataza." Na mama akasema, "Sawa, baba," akampa mkono amwinue. Nadhani hiyo ndiyo adabu nzuri kuliko zote nilizosimuliwa mwaka huu, kwa pande zote mbili.

Basi mmevuka lililokuwa gumu. Yaliyobaki ni kazi, na kazi nakupangia.

Mtoto kwanza. Mkae naye, bibi yake akiwapo, na bibi mwenyewe amwambie kwamba alikosea kumfundisha kumficha baba. Mtoto anayejua kuna mahali pazuri na hapaswi kupasema, siku moja ataongozana na wenzake kwenda huko bila bibi. Kisha afundishwe kuogelea, tena mapema, kwa mwalimu, kwenye maji anayoweza kusimama. Na yeyote anayemwangalia mtoto majini awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, simu iwe mfukoni, hadithi ziwe zimesimama.

Mama asikae bila maji, magoti yake yanayahitaji na roho yake pia. Atafute bwawa lingine hata kama ni mbali, mpaka lenu lifunguliwe. Akitaka maji ya wazi, iwe mahali penye waokoaji na pwani inayoshuka polepole. Aogelee akifuata ukingo, asikate kwenda ng'ambo. Avae kofia ya rangi kali ionekane, afunge boya kiunoni, na awe na mwenzake majini anayejua kuogelea, si mwenzake kwenye jiwe. Aingie taratibu mpaka pumzi izoee, atoke kabla hajachoka. Na akizidiwa, asipigane: alale chali, masikio ndani ya maji, uso juu, avute pumzi mpaka itulie, ndipo aite.

Wewe na mume wako mjifunze kwa yule dereva, kwa sababu alifanya kila kitu sawasawa. Ukiona mtu anazama, ita watu, mrushie kitu kinachoelea, mnyooshee kamba au mti. Usimrukie. Anayezama humpanda aliye karibu naye kama ngazi, na msiba mmoja unakuwa miwili. Na huyo dereva mumtafute, malori ya mchanga hayana njia nyingi, mama amwambie kwa mdomo wake kwamba hakuwa na haraka zake.

Lile bango nalo, mume wako ana rangi na ana mkono wa kuandika, aende kwa viongozi wa mtaa aombe ruhusa aliandike upya na kulipandisha juu zaidi, wasipofikia wenye suruali. Aandike chini yake tu kwamba kina hakijulikani.

Imebaki ile tamaa yako, uliyosema unaniambia mimi tu, nami samahani, nimeiambia nchi nzima. Sikukemei kwa hiyo. Ulitumbukiza miguu ukauliza itakuwaje, ni swali la mtu mwenye akili, ila uliliuliza mahali pabaya. Jiandikishe pamoja na mama yako, kundi moja, siku moja. Simama kwenye maji ya kifuani, mwalimu akiwa kando yako, ujifunze kuelea kabla ya kitu kingine chochote. Kisha vuta pumzi, tumbukiza uso, fungua macho. Mimi na umri huu sijawahi kufanya hivyo, na tangu nisome barua yako nataka sana kujua mtu huona nini.